Sura ya Sita: Vigasha Viwili, Mstari Mmoja

Mcheza gofu anayesimama katika uwanja wa Kigali, kule Nyarutarama, amezungukwa na mistari inayomhadaa. Mashimo 18 ya uwanja huo yalisanifiwa na kampuni ya Gary Player, Mwafrika Kusini aliyetwaa mataji makubwa 9 ya mchezo huu, nayo yamelazwa kufuata umbo la nchi yenyewe: bonde hapa, ubavu wa kilima pale. Mapaa ya nyumba yanapanda na mlima, barabara inakata mshazari, na majani yaliyofyekwa vizuri huonekana tambarare hali yameinama. Mahali kama hapo jicho hutafuta kitu kilichonyooka cha kushikamana nacho, na mara nyingi huangukia kisichofaa. Fundi mwashi anayejenga mteremkoni hauamini udongo wala jicho lake. Huweka pimamaji juu ya tofali ndipo apige hatua ya pili. Hoja ya sura hii ni kwamba mcheza gofu naye ana pimamaji yake, na hakuinunua dukani. Ni vigasha vyake viwili, yaani sehemu za mikono zilizo kati ya kiwiko na kifundo. Anayejua vigasha vinakaaje kabla ya pigo, na vinapaswa kurudi wapi fimbo inapogusa mpira, ameshapata ufunguo wa mwelekeo wa mpira wake, iwe kwenye tambarare au ubavuni mwa kilima. Maelezo yanayofuata yanamhusu mchezaji wa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze tu pande.

Tuanze na mifupa, kwa sababu kosa la kwanza la wachezaji wengi ni kudhani kwamba mkono huzungukia kwenye kifundo. Kifundo cha mkono kinaweza kukunjika mbele na nyuma, na kuinama upande huu na ule, lakini chenyewe hakijizungushi. Mzunguko wote wa kiganja hutoka kwenye kigasha, ambako mifupa miwili, radiasi na ulna, imelazwa sambamba. Kiganja kikitazama juu, mifupa hiyo hukaa bega kwa bega. Kiganja kikigeuzwa chini, radiasi huvuka juu ya ulna. Mtu mwenye afya huweza kugeuza kigasha kiasi cha digrii 80 hivi kila upande kutoka katikati. Basi mwalimu anaposema “geuza vifundo unapopiga”, mwanafunzi akitii kwa maneno hayo hayo atavikunja vifundo vyake na kuharibu pigo, ilhali alichotakiwa ni kuacha vigasha vizunguke. Jambo hili linaweza kuonekana dogo la kitabibu, lakini ndilo linaloeleza kwa nini kigasha ndicho kipimo. Uso wa fimbo umefungwa kwenye mpini, mpini umeshikwa na viganja, na viganja hugeuka kwa amri ya vigasha. Fimbo na kigasha vikiwa vimekaribia kunyooka pamoja, kama vinavyokuwa wakati wa kugusa mpira, kigasha kikizunguka digrii moja uso wa fimbo nao huzunguka karibu digrii moja.

Digrii hiyo moja si mchezo. Kwa miaka mingi walimu wa gofu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Wanafizikia walilitilia shaka fundisho hilo mapema, na Theodore Jorgensen alilichambua katika kitabu chake cha fizikia ya gofu cha mwaka 1994. Rada za kupima mpira, TrackMan ya Denmark ikiwa maarufu kuliko zote, zilipoenea katika karne hii zikamaliza ubishi. Mpira huanza safari ukielekea hasa pale uso wa fimbo unapotazama. Kwa draiva, yaani fimbo ndefu ya kupigia mbali, takriban asilimia 85 ya mwelekeo wa mwanzo hutokana na uso, na kwa fimbo za chuma ni takriban asilimia 75. Njia ya fimbo huchangia kilichobaki, na tofauti kati ya njia na uso ndiyo inayoupindisha mpira hewani. Sasa piga hesabu. Mpira wa mita 200 uliotoka na kosa la digrii 1 utaangukia mita tatu na nusu kando ya shabaha. Kosa la digrii 5 linaufikisha mita 17 na zaidi kando, hata kabla ya kuhesabu kupinda. Kwenye mashimo yaliyopakana na miti na mabonde, hiyo ndiyo tofauti kati ya majani mafupi na mpira uliopotea.

Mtu anaweza kusema: basi mchezaji aurekebishe uso wa fimbo njiani, kabla haujafika kwenye mpira. Hawezi. Kushusha fimbo kutoka juu hadi kwenye mpira huchukua takriban robo ya sekunde. Mtu anayeona jambo kwa macho na kulijibu kwa mkono huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukiondoa hiyo kwenye robo ya sekunde, karibu hakuna kinachobaki cha kutendea kazi. Mgusano wenyewe wa fimbo na mpira huchukua chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde, na habari zake humfikia mchezaji wakati mpira umekwisha kuondoka. Kwa hiyo anayesikia fimbo ikienda kombo na kujaribu kuiokoa kwa kugeuza mikono dakika ya mwisho anabahatisha; leo atapatia, kesho atazidisha. Kilicho chini ya mamlaka yake ni mambo mawili tu: namna anavyojipanga kabla ya kuanza, na mazoea aliyoyajenga kwenye mwili wake katika mazoezi ya polepole. Vigasha vinafaa kuliko kiungo kingine katika mambo hayo yote mawili, kwa kuwa vinaonekana kwa macho ya mchezaji mwenyewe akiwa ameinama juu ya mpira. Mabega yake hayaoni. Nyonga zake hazioni. Vigasha viko mbele ya pua yake.

Kipimo cha kwanza hufanyika mchezaji akiwa amesimama kwenye mpira. Mwenzake akisimama nyuma yake, akitazama kuelekea shabaha, vigasha viwili vinapaswa kuonekana vimekaa kiasi kwamba kijiti kilicholazwa juu yake kingekuwa sambamba na mstari wa shabaha. Hapa ndipo maumbile yanapomtega mtu. Mkono wa kulia hushika chini ya wa kushoto kwenye mpini, na ili ufike huko bega la kulia huvutwa mbele. Kigasha cha kulia hupanda juu ya cha kushoto, kijiti chetu hugeuka kuelekea kushoto mwa shabaha, na mabega hufuata. Miguu inaweza kuwa imepangwa kwa usahihi kabisa, hata kwa fimbo iliyolazwa chini, huku sehemu ya juu ya mwili ikielekea kwingine. Fimbo nayo inaning’inia kwenye mikono, wala haina habari na miguu. Itashuka kwa kufuata mikono na mabega, kutoka nje kuja ndani, ikiukata mpira. Uso ukiwa wazi kulinganisha na njia hiyo, mpira hupinda kulia, ugonjwa ambao wachezaji huuita slaisi na ambao huwasumbua wanaoanza kuliko mwingine wowote. Dawa yake ni nyepesi kuliko ugonjwa. Kiwiko cha kulia kikunjwe kidogo na kuelekezwa kwenye nyonga ya kulia, na kigasha chake kitashuka chenyewe mpaka mstari ukae sawa.

Fundisho hili si geni. Mcheza gofu Ben Hogan, katika kitabu chake cha masomo matano kilichotoka mwaka 1957, alisisitiza kwamba viwiko vikaribiane, na kila kimoja kielekee kwenye mfupa wa nyonga ya upande wake, mikono miwili ifanye kazi kama mmoja. Hogan alipambana na mpira uliopinda sana kushoto katika miaka yake ya mwanzo, na usahihi uliompa jina ulikuja baada ya kuchunguza hasa mikono inavyozunguka. Miaka 12 baada ya kitabu hicho, mwaka 1969, Homer Kelley, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing, alichapisha kitabu kigumu kiitwacho The Golfing Machine, kilichoigawa swingi, yaani mwendo mzima wa kupiga, katika vipande vya jiometri. Kati ya mambo aliyoyakazia ni kwamba kigasha cha kulia na mpini wa fimbo vikae katika bapa moja la mshazari wakati wa kugusa mpira, ili nguvu ipite bila kuvunjikia kwenye kifundo. Kitabu hicho kilisomwa na wachache na kueleweka na wachache zaidi, lakini miongoni mwa waliolelewa nacho ni Bryson DeChambeau, bingwa wa US Open mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Swingi ya Hogan na ya DeChambeau hazifanani hata kidogo. Wanachokubaliana wote, pamoja na Kelley, ni kwamba mstari wa vigasha haupaswi kuachwa ujipange wenyewe.

Baada ya kusimama kwenye mpira, vipo vituo vitatu ambapo vigasha vinaweza kukaguliwa katika mazoezi ya polepole. Cha kwanza ni pale fimbo inapopanda na mpini kuwa sambamba na ardhi. Uso wa fimbo hapo unapaswa kuinama kadiri uti wa mgongo ulivyoinama. Ukitazama mbinguni, vigasha vimezunguka kupita kiasi na uso umefunguka. Ukitazama chini kabisa, havikuzunguka vya kutosha na uso umefungwa. Cha pili ni kileleni. Kwa mwenye mshiko wa kawaida, uso wa fimbo unalingana na mlalo wa kigasha cha kushoto, na kigasha cha kulia kinakuwa karibu sambamba na uti wa mgongo, kiwiko kikielekea ardhini. Cha tatu ndicho chenye thamani kubwa: fimbo inapofika kwenye mpira. Ukitazamwa kutoka nyuma, kigasha cha kulia na mpini ni mstari mmoja wa mshazari. Ukitazamwa kutoka mbele, kigasha cha kushoto na mpini vimekaribia kunyooka, viganja vikiwa vimetangulia mpira kidogo. Anayeweza kufika katika kituo hicho kwa mwendo wa kinyonga, mara nyingi na bila kutafuta, ameuweka mwilini ujuzi ambao mwendo wa kasi utautumia. Asiyeweza kufika polepole asitarajie kufika kwa kasi.

Sasa turudi kwenye vilima, kwa maana hapo ndipo hoja hii inapothibitika. Mpira unapokuwa juu ya usawa wa miguu yako, ukailaza fimbo kufuata mteremko, mlalo wa uso wa fimbo hugeuka na kutazama kushoto, hata kama mikono yako imekaa bila dosari. Hesabu ya jiometri ni rahisi. Kwa fimbo ya chuma namba 9 yenye mwinamo wa digrii 42, juu ya mteremko wa digrii 10, uso huelekea karibu digrii 9 kushoto. Katika umbali wa mita 100 hizo ni mita 15 na ushei. Kwa draiva yenye mwinamo wa digrii 10, mteremko uleule hugeuza uso chini ya digrii 2. Mpira ukiwa chini ya usawa wa miguu, mambo huwa kinyume na uso hutazama kulia. Mchezaji asiyejua hili hupiga mpira kutoka ubavuni, huuona ukienda kushoto, na kuhukumu kwamba mikono yake imezunguka mno. Pigo linalofuata anaikaza mikono isizunguke, na kosa lililokuwa la ardhi sasa linakuwa la mwili wake. Akishuka kwenye tambarare ataliendeleza hukohuko. Kipimo cha vigasha humwokoa na mkanganyiko huo kwa kuyatenganisha makosa mawili. Ikiwa mstari wa vigasha uko sambamba na mstari wa shabaha na mikono inarudi palepale, basi mpira uliokwenda kushoto umepelekwa na kilima, na tiba ni kubadilisha shabaha: lenga kulia zaidi, swingi iache ilivyo.

Hewa ya Kigali nayo ina neno lake. Jiji hili liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi huupunguzia mpira ukinzani, nao husafiri mbali zaidi. Lakini pia hupunguza nguvu inayoupindisha, kwa kuwa kupinda ni kazi ya hewa inayosuguana na mpira unaozunguka. Fikiria basi mchezaji wa pwani aliyezoea kuificha slaisi yake kwa kulenga kushoto na kuusubiri mpira urudi katikati. Akifika Kigali, mpira wake utatoka kushoto vilevile, utakwenda mbali zaidi ukiwa kushoto, na hautarudi kwa kiasi alichokizoea. Hila iliyomfaa pwani itamwacha kwenye miti. Katika mwinuko, mwelekeo wa mwanzo una uzito mkubwa zaidi katika hatima ya mpira, na tumeshaona kwamba mwelekeo wa mwanzo ni mali ya uso wa fimbo, na uso wa fimbo ni mali ya vigasha. Hili lina maana si kwa Kigali peke yake bali kwa Nairobi na viwanja vingine vya nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja hii limetoka kwa watafiti. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wasiowahi kucheza gofu, waliofundishwa kupiga mipira mifupi ya kurusha. Kundi moja liliambiwa kuelekeza mawazo kwenye mwendo wa mikono, jingine kwenye mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walikuwa sahihi zaidi, wakati wa mazoezi na hata walipopimwa baadaye. Tafiti nyingi zilizofuata, katika michezo mbalimbali, zimeelekea hukohuko: mtu anayefikiria viungo vyake wakati anatenda huuvuruga mwendo ambao mwili ungeufanya vizuri zaidi ukiachiwa. Je, kumwambia mchezaji atazame vigasha si kumpeleka motoni? Itakuwa hivyo kama atavifikiria wakati fimbo ikiwa njiani. Lakini utafiti huo ulihusu kile mtu anachokiwaza akiwa anapiga. Haukukataza kujipanga kabla ya kupiga. Kuukagua mstari wa vigasha akiwa amesimama tuli ni sawa na kukagua umbali au upepo, kazi inayokamilika kabla ya swingi kuanza. Baada ya hapo mawazo yaende kwenye fimbo, mpira na shabaha, kama Wulf anavyotufundisha. Kwa kweli matokeo yake yanaipa hoja yetu mpaka unaoifaa: kigasha ni kipimo cha matayarisho na cha mazoezi ya polepole, na anayekibeba hadi katikati ya pigo amekitumia vibaya.

Pingamizi la pili ni la watazamaji wa mashindano. Mbona Jim Furyk huipandisha fimbo kwa kuizungusha hewani kinyume cha vitabu vyote, na bado alitwaa US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akapiga 58, alama ndogo kuliko zote katika raundi moja ya PGA Tour? Mbona Dustin Johnson hufika kileleni akiwa amekipinda kifundo chake cha kushoto kwa namna ambayo mwalimu yeyote angeikemea? Jibu la kwanza ni kwamba wachezaji hawa hutofautiana njiani na kukutana mwishoni; wanapogusa mpira, uso wa fimbo uko mahali pake, na mikono imefika pale inapopaswa kufika. Jibu la pili ni mshiko. Anayeshika fimbo viganja vikiwa vimegeuzwa zaidi kulia ameshaufunga uso kabla ya kuanza, hivyo vigasha vyake vinahitaji kuzunguka kidogo. Anayeshika kinyume chake anahitaji vizunguke zaidi. Kila mshiko una mzunguko wake, na bingwa ameulinganisha wake kwa maelfu ya mipira tangu utotoni. Mfanyakazi wa ofisini anayecheza Jumamosi hana maelfu hayo. Kumwambia aige njia ya Furyk ni kumpa deni asiloweza kulilipa. Kumpa kipimo cha mwanzo na cha mwisho ni kumpunguzia mambo ya kubahatisha.

La tatu linahusu miili yenyewe. Mikono ya watu haikuumbwa kwa kalibu moja. Kati ya mkono wa juu na kigasha kuna pembe ndogo inayoonekana mtu anaponing’iniza mikono huku viganja vikitazama mbele, na pembe hiyo kwa wastani ni kubwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Aliyewahi kuvunjika mkono anaweza kuwa amepoteza sehemu ya mzunguko wa kigasha. Mwenye kifua kipana na mwenye kifua chembamba hawatavikaribisha viwiko kwa kiasi kimoja. Haya yote ni kweli, na yanapaswa kumzuia mwalimu asigeuze picha ya kitabu kuwa sheria. Lakini yanachobadilisha ni muonekano wa vigasha, wala hayagusi kazi yake. Mchezaji atafute nafasi yake ya katikati: asimame wima, mikono ining’inie bila kukazwa, atazame viganja vyake vinaelekea wapi. Jinsi vinavyoelekea ndivyo avipeleke kwenye fimbo. Mstari wa vigasha ukiwa sambamba na shabaha katika hali hiyo tulivu, anacho kipimo chake halali, hata kama hakifanani na cha jirani.

Wapo pia watakaosema kwamba mpira hupigwa na miguu na kiuno, na kwamba kuwashughulisha watu na mikono ni kurudi katika zama za kale. Kuhusu nguvu, wana haki. Kasi ya fimbo huanzia ardhini, hupanda kwa nyonga na kiwiliwili, na mikono huipokea tu. Hata njia ya fimbo hutegemea sana kiwiliwili kinavyogeuka, na mtu ambaye nyonga zake zimekwama atakata mpira hata akiwa na vigasha vilivyopangwa kwa rula. Sura hii haidai kwamba vigasha hutibu kila ugonjwa. Inadai kwamba mwelekeo na nguvu ni maswali mawili, na kwamba mchezaji wa kawaida hupoteza mapigo mengi kwa mipira iliyokwenda kombo kuliko kwa mipira iliyopungukiwa mita kumi. Zaidi ya hayo, mwili mara nyingi hujikwamisha kwa sababu ya mikono. Mtu anayejua kwa uzoefu kwamba uso wa fimbo yake hufika ukiwa wazi huusimamisha mwili ili mikono ipate muda wa kuufunga. Mpe uso unaofika sawa, na nyonga zake zitapata ruhusa ya kuendelea kugeuka.

La mwisho ni la teknolojia: kwa nini kuhangaika na kijiti wakati ziko rada na kamera zinazotaja kila kitu kwa tarakimu? Kwanza kwa sababu ya bei. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki wametokana na vijana waliobeba mifuko ya fimbo za wengine, wakajifunza kwa kutazama na kuiga. Mafunzo yanayohitaji mashine ya maelfu ya dola yangewafungia mlango. Lakini hata penye pesa, rada hueleza kilichotokea, haielezi kilichosababisha. Itasema uso ulikuwa wazi kwa digrii 4. Haitasema kwamba kigasha cha kulia kilikuwa juu ya cha kushoto tangu mchezaji aliposimama. Tarakimu humwambia mtu kwamba anaumwa. Mstari wa vigasha humwonyesha panapouma. Mwenye vyote viwili na avitumie vyote. Asiye na rada, simu ya kawaida iliyoegeshwa nyuma yake kwa urefu wa viganja, ikitazama kuelekea shabaha, itamwonyesha mengi anayoyahitaji.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujabadilisha fimbo, mshiko au mwalimu, jipe mazoezi haya. Kila unaposimama kwenye mpira katika uwanja wa mazoezi, laza kijiti au fimbo nyingine juu ya vigasha vyako, mwenzako akusaidie kukishika, uone kinaelekea wapi. Kiwiko cha kulia kilainike mpaka kijiti kikae sambamba na shabaha. Fika polepole kwenye vituo vitatu bila mpira, kisha piga mipira mifupi kwa nusu ya nguvu, ukifikiria fimbo na shabaha tu. Ukiwa kwenye mteremko, kagua vigasha kwanza, halafu sogeza shabaha kadiri kilima kinavyodai, na usiguse kitu kingine. Usiongeze nguvu mpaka mipira mifupi itoke kule ulikokusudia mara nyingi kuliko inavyokosea. Mchezaji atakayekuwa na subira hiyo hatapata swingi ya Hogan wala nguvu za DeChambeau, lakini atajua mpira wake unakwenda wapi na kwa nini, na katika gofu huo ndio mwanzo wa kupunguza alama.